Moja Nukta Nne

Saa mbili asubuhi, Sanaiya ya Ibra,
na boneti tayari haishikiki bila tambara.
Bi Thuwayba amesimama penye kivuli chembamba cha ukuta,
pindo la abaya limejaa vumbi,
anasema: gari linanisaliti, fundi.
Si kila mahali. Pale tu ninapokuwa nimetulia,
tisini, tisini na tano, nikishapita Mudayrib,
linajikwaa kama mtu aliyesahau alichotaka kusema,
likakumbuka, likasahau tena.

Plagi zimeshabadilishwa. Chujio pia.
Gereji moja ya Barka ilimtoza riali arubaini na tano
kwa pampu ya mafuta,
na gari likatoka na kikohozi kilekile.
Biju, ninayegawana naye jeki na chai ya karaki,
anasema koili, anaapa kwa Kimalayalamu.
Sibishani. Natafuta pini.
Bi Thuwayba anachomoa ya mtandio wake, ananipa.

Nyaya tatu zinaingia kwenye kidude cheusi
ubavuni mwa throto, hakizidi kibiriti:
mmoja unaleta volti tano, mmoja wa ardhi,
wa tatu ndiye msemaji.
Kazi yake kuiambia kompyuta
mguu umekanyaga kiasi gani. Basi.
Kompyuta haina macho.
Ikiambiwa mguu umeondoka, inakata mafuta,
na mguu upo.

Naichomeka pini nyuma ya waya wa tatu,
naleta mita ya mshale, ile ya zamani;
za namba huchelewa, huficha aibu ndogondogo.
Nafungua swichi, injini siwashi.
Throto imefungwa: nukta sita. Sawa.
Naisukuma kwa kidole, polepole,
kama unavyofungua mlango wa chumba alimolala mtoto.
Nukta nane. Moja. Moja nukta mbili.
Mshale unapanda, hauna neno.
Moja nukta nne,

sifuri.

Kisha moja nukta sita, mbili, tatu,
nne na nusu, laini hadi mwisho.
Narudi nyuma. Palepale. Sifuri.
Namwita Biju. Anatazama. Anaweka kikombe chini.

Bi, njia hii umeiendesha miaka mingapi?
Kumi na saba. Nauguza Bidiya, nalala Ibra.
Mbio sipendi, kuchelewa sipendi.

Basi ndiyo hiyo.
Ndani mna njia nyembamba ya kaboni
na kidole cha chuma kinachotembea juu yake.
Kidole chako hakikutembea.
Kimesimama mahali pamoja miaka kumi na saba, kikitetemeka.
Kwingine kote kupya. Hapa pamelika.

Nikifungua skrubu, anazungumza.
Kiswahili chake ni cha Unguja, cha mama yake,
kimenyooka kuliko changu cha Muheza.
Mama alikuja na cherehani na sufuria mbili,
akikoroga uji akisema, kwetu...
Akanyamaza.
Akaendelea na cherehani, ilivyouzwa, kwa nani.
Siku hizi watoto wangu wananiuliza, mama, kwetu...
Akatazama barabarani, lori la maji linapita.
Skrubu ya pili ilikuwa na kutu.
Nikashughulika nayo.

Kipya kimekuja na basi la mchana kutoka Maskati,
riali kumi na mbili, kwenye mfuko wa dawa.
Nimekifunga, nimekipima: mshale umepanda wote
bila kupepesa.
Tukatoka kulijaribu, yeye usukani, mimi pembeni.
Mudayrib ikapita. Tisini. Tisini na tano.
Gari likaenda kama halijawahi kuugua.

Lakini kila tulipokaribia ile kasi
niliuona mguu wake ukinyanyuka kidogo,
unene wa soli,
unakisubiri kitu ambacho hakiji.
Sikumwambia.
Hilo lina siku zake.